Asidi Amino, Misuli na Sukari ya Damu kwa Wazee: Somo kwa Wahudumu wa Afya na Wagonjwa wa Nkome

Malengo ya somo

Baada ya kusoma somo hili, msomaji ataweza:

(a) kueleza uhusiano uliopo kati ya asidi amino, misuli na sukari ya damu;
(b) kupima kwa haki madai yanayotolewa kuhusu virutubisho vya asidi amino;
(c) kupanga mlo wa mzee mwenye kisukari kwa vyakula vinavyopatikana kando ya Ziwa Victoria;
(d) kutambua hali ambazo mzee anapaswa kupelekwa kituoni badala ya kununuliwa kopo.

Utangulizi

Nkome ni kata ya Wilaya ya Geita iliyo ukingoni mwa Ziwa Victoria. Upande mmoja kuna ziwa, lenye dagaa, sangara na sato. Upande mwingine kuna ukanda wa dhahabu unaowavuta vijana kwenda machimboni. Kati ya pande hizo mbili wanaishi wazee, ambao wengi wao chakula chao cha kila siku ni ugali wa udaga, viazi na michembe.

Mwana aliyeko machimboni anapopata habari kwamba mzazi wake ana kisukari na amekonda, moyo wake humsukuma kutuma kitu. Siku hizi kitu hicho mara nyingi huwa ni kopo la unga wa protini au chupa ya vidonge vya asidi amino, vilivyouzwa kwa maneno kwamba "vinarudisha mwili na kushusha sukari". Nia ya mwana ni njema. Hata hivyo, fedha iliyotumika ingeweza kulisha nyumba kwa siku nyingi, na mara nyingine mzee huacha dawa alizopewa hospitali akiamini kwamba kopo linatosha. Kwa hiyo swali la kama virutubisho hivi vinasaidia linagusa fedha, lishe na uhai wa mzee, na linastahili jibu lenye ushahidi.

Ugonjwa wenyewe umeongezeka katika nchi yetu. Uchunguzi uliofanywa na Profesa Donald McLarty na wenzake katika vijiji sita vya Tanzania, ukachapishwa mwaka 1989 katika jarida la *The Lancet*, ulikuta kisukari kwa watu wazima wasiofikia asilimia 1. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza ulikuta asilimia 9.1 ya watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64 wana sukari iliyozidi kiwango. Tafiti hizo mbili hazikutumia njia moja wala umri mmoja, na ule wa pili ulihusisha miji pia. Lakini tofauti ni kubwa kiasi cha kumfanya kila mhudumu awe macho.

Asidi amino ni nini?

Protini ni kama ukuta, na asidi amino ni matofali yake. Mwili hutumia aina 20 za matofali hayo. Kati ya hizo, aina 9 haziwezi kutengenezwa na mwili wa mtu mzima; ni lazima ziingie kwa njia ya chakula, ndiyo maana huitwa asidi amino za lazima. Tatu miongoni mwa hizo tisa, yaani leusini, isoleusini na valini, hutajwa sana kwenye matangazo ya virutubisho kwa sababu hutumika kwa wingi ndani ya misuli.

Vyakula havilingani kwa matofali haya. Samaki, dagaa, mayai, maziwa na nyama vina aina zote tisa kwa uwiano mzuri. Mahindi yana upungufu wa laisini na triptofani. Maharage, kunde na choroko vina laisini nyingi lakini methionini kidogo. Ndiyo sababu mlo wa mahindi na maharage, ambao wazee wetu waliupika bila kusoma kemia, una thamani kubwa kuliko kila kimoja kikiliwa peke yake: pengo la kimoja huzibwa na kingine. Muhogo wenyewe una protini kidogo mno. Gramu 100 za unga wake hutoa takribani gramu 1 hadi 2 tu, ilhali gramu 100 za unga wa dona hutoa takribani gramu 8 au 9.

Misuli ni ghala la sukari

Mtu anapokula ugali, wanga wake huvunjwa na kuwa glukosi, nayo huingia katika damu. Kongosho hutoa insulini, na insulini hufungua njia ili glukosi iingie katika seli. Misuli ndiyo ghala kubwa kuliko yote linalopokea glukosi hiyo kwa msukumo wa insulini. Ghala likiwa kubwa na lenye kufanya kazi, sukari hupata mahali pa kwenda. Ghala likipungua, sukari hubaki barabarani, yaani ndani ya damu.

Baada ya umri wa miaka 50 misuli hupungua kidogo kidogo kila mwaka, na nguvu hupungua kwa kasi zaidi ya misuli yenyewe. Mwaka 1989 mtaalamu wa lishe wa Marekani, Irwin Rosenberg, aliipa hali hiyo jina la sakopenia. Mzee mwenye sakopenia huinuka kwa shida, hutembea polepole na huanguka kwa urahisi. Akiwa na kisukari pia, maradhi hayo mawili huchocheana: upungufu wa insulini au usugu wa mwili dhidi yake huzidisha kuvunjwa kwa misuli, na upungufu wa misuli huzidisha sukari katika damu.

Hapa ndipo wazo la virutubisho lilipoanzia. Asidi amino, hasa leusini, hufanya mambo mawili yanayojulikana vyema. Kwanza, huamsha mitambo ya seli inayojenga protini za misuli. Pili, huchochea kongosho kutoa insulini. Msikilizaji akiishia hapo ataona kwamba kopo lina haki ya kusifiwa. Lakini maelezo hayajakamilika. Asidi amino huchochea pia homoni ya glukagoni, ambayo huliagiza ini kutoa sukari. Tena, misuli ya mzee huitikia kwa uzito. Huhitaji kiasi kikubwa zaidi cha protini kwa mlo mmoja kuliko misuli ya kijana, na huitikia vizuri zaidi ikiwa imefanyishwa kazi. Kwa hiyo jibu haliwezi kutolewa kwa nadharia. Ni lazima watu wapewe virutubisho, wapimwe, kisha matokeo yasomwe.

Tafiti zimeonyesha nini?

Mwaka 2008 watafiti wa Italia wakiongozwa na Solerte walichapisha jaribio la wazee 41 wenye sakopenia, wa umri wa miaka 66 hadi 84, waliopewa mchanganyiko wa asidi amino kwa miezi mingi. Misuli yao iliongezeka na mwili ukaitikia insulini vizuri zaidi. Hilo ni tokeo la kutia moyo. Tukumbuke tu kwamba walioshiriki walikuwa wachache na walikuwa tayari wamepungukiwa misuli.

Nchini Uholanzi matokeo yalikuwa tofauti. Mwaka 2009 Verhoeven na wenzake walichapisha jaribio la wanaume wazee wenye afya, waliopewa gramu 2.5 za leusini kwa kila mlo kwa miezi mitatu. Hawakuongezeka misuli wala nguvu. Mwaka 2011 Leenders na wenzake walirudia kwa wanaume wazee wenye kisukari cha aina ya pili, kwa kipimo kilekile mara tatu kwa siku, yaani gramu 7.5, kwa miezi sita. Wapo waliopewa leusini na wapo waliopewa unga usio na dawa. Mwishoni makundi hayo mawili hayakutofautiana kwa misuli wala kwa udhibiti wa sukari. Watu hao walikuwa wakila protini ya kutosha tangu mwanzo. Kuongezewa leusini hakukuwa na pengo la kuziba.

Lipo pia jambo la tatu la kutafakari. Mwaka 2011 Wang na wenzake walichapisha katika jarida la *Nature Medicine* uchunguzi wa watu wa Framingham, Marekani, waliofuatiliwa kwa miaka 12. Waliokuwa na kiwango kikubwa cha leusini, isoleusini, valini, tairosini na fenilalanini katika damu ndio waliopata kisukari zaidi baadaye. Je, maana yake ni kwamba asidi amino huleta kisukari? Hapana, hatuwezi kusema hivyo. Mwili wenye usugu wa insulini hushindwa kuvunja asidi amino hizi ipasavyo, kwa hiyo kuongezeka kwake kunaweza kuwa dalili ya maradhi yanayokuja. Lakini uchunguzi huo unatufunza tahadhari: kumwaga asidi amino za aina tatu tu katika damu ya mtu mwenye sukari si jambo la kufanywa kwa kubahatisha.

Tukijumlisha ushahidi huu tunapata kanuni moja: asidi amino humsaidia mwenye upungufu, kwa asiye na upungufu haziongezi faida ya maana, na wala hazichukui nafasi ya dawa za kisukari. Kwa mzee wa Nkome, basi, swali la kwanza ni hili: anakula nini?

Udaga, samaki na mashaka ya zamani

Watu wengi wa Kanda ya Ziwa huuliza kama muhogo wenyewe huleta kisukari. Swali hilo lilichunguzwa hapahapa Tanzania. Watafiti wakiongozwa na Profesa Andrew Swai, pamoja na McLarty, walichunguza jamii ya Mkoa wa Mara iliyokuwa ikila muhogo wenye sumu ya sianidi kwa miaka mingi, na mwaka 1992 wakachapisha matokeo yao katika jarida la *Diabetes Care*: kisukari hakikuwa kingi zaidi katika jamii hiyo. Muhogo haukuwa na hatia hiyo.

Pamoja na hayo, muhogo mchungu usioandaliwa vizuri una deni lingine. Mwili huondoa sianidi kwa kutumia asidi amino zenye salfa, yaani methionini na sisteini. Anayekula udaga usiovundikwa na kukaushwa vya kutosha, tena bila samaki wala maharage, hutumia matofali machache aliyonayo kuondoa sumu badala ya kujenga mwili. Upungufu huo ukiambatana na sianidi nyingi ndio uliohusishwa na konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ulioripotiwa Tarime katika miaka ya 1980. Kwa hiyo uandaaji bora wa muhogo, pamoja na kitoweo chenye protini, ni sehemu ya lishe ya mzee.

Inasikitisha kwamba protini bora kabisa hupita mbele ya macho yetu na kuondoka. Minofu ya sangara huenda viwandani, mabondo huuzwa kwa bei kubwa, na dagaa wengi huishia kwenye chakula cha kuku. Nyumbani kwa mzee hubaki mapanki na mchuzi. Kopo la kigeni linapoletwa katika nyumba hiyo, mara nyingi linauzwa mahali palepale ambapo dawa yake ilivuliwa jana usiku kwa taa za karabai.

Hesabu ya mlo: mfano wa bibi mwenye kilo 50

Wataalamu wa lishe ya wazee hupendekeza gramu 1.0 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa mzee ambaye figo zake ni nzima. Tumfikirie bibi wa miaka 68 mwenye kilo 50. Anahitaji gramu 50 hadi 60 kwa siku. Iwapo asubuhi hunywa chai yenye sukari na muhogo wa kuchemsha, mchana hula ugali wa udaga na mchicha, na usiku ugali na mchuzi wenye dagaa wachache, hafikii hata nusu ya kiasi hicho. Hebu tuupange upya mlo wake kwa makadirio:

- Asubuhi: uji wa mtama wa gramu 50 za unga (gramu 5), yai moja (6) na maziwa ya mililita 250 (8). Jumla gramu 19.
- Mchana: dagaa wakavu gramu 20, ambao ni kiasi cha konzi ndogo (11), ugali wa dona wa gramu 100 za unga (8) na mboga za majani. Jumla gramu 19.
- Usiku: maharage yaliyopikwa, bakuli la gramu 150 (13), ugali wa dona wa gramu 75 za unga (6) na mboga. Jumla gramu 19.

Bibi amepata takribani gramu 57, tena zimegawanywa sawa katika milo mitatu, jambo ambalo misuli ya mzee hulihitaji. Wakati huohuo wanga umepungua na sukari ya chai imeondolewa. Ni vyema pia aanze kula dagaa au maharage na mboga, kisha ugali. Mpangilio huo hupunguza kupanda kwa sukari baada ya mlo. Mwenye shinikizo la damu ale dagaa wasiotiwa chumvi. Asiye na meno asagiwe dagaa na karanga ziwe unga wa kutiwa kwenye uji.

Sasa tulinganishe na chupa. Kidonge kimoja chenye nusu gramu ya asidi amino kingehitaji kumezwa mara 15 kwa siku ili kufikia gramu 7.5 zilizotumika Uholanzi, ambazo nazo hazikushusha sukari. Konzi moja ya dagaa ina protini zaidi ya hiyo, pamoja na kalsiamu.

Misuli haijengwi na chakula peke yake

Matofali bila fundi hayawi nyumba. Fundi wa misuli ni kazi. Katika jaribio kubwa la Marekani la kuzuia kisukari, lililochapishwa mwaka 2002, mabadiliko ya mwenendo wa maisha yalipunguza kisukari kipya kwa asilimia 58 kwa watu waliokuwa hatarini. Kwa wenye umri wa miaka 60 na zaidi, upungufu ulifika asilimia 71. Mzee wa Nkome anaweza kuinuka na kuketi kwenye kigoda mara kumi, asubuhi na jioni, kutembea hadi mwaloni na kurudi, au kuinua kidumu kidogo cha maji. Mwenye vidonda vya miguu au maumivu ya kifua amwone mhudumu kwanza.

Kwa mhudumu wa zahanati

1. Pima misuli bila mashine. Mwombe mzee ainuke na kuketi mara tano bila kutumia mikono. Akizidi sekunde 15, nguvu zake zimepungua. Zungusha utepe kwenye nene ya ndama ya mguu. Chini ya sentimita 31 ni ishara ya kupungukiwa misuli.
2. Soma sukari kwa uangalifu. Sukari ya mtu aliyefunga kula ikiwa 7.0 mmol/L au zaidi, na ikathibitika siku nyingine, ni kisukari. Kipimo cha HbA1c kinaweza kudanganya kwa mwenye upungufu wa damu au chembe za selimundu, na Kanda ya Ziwa ina wabebaji wengi wa selimundu.
3. Ogopa sukari kushuka. Mzee anayetumia glibenklamidi au insulini akibadilishiwa mlo, akapunguziwa wanga, dawa zake zipitiwe upya. Chini ya 3.9 mmol/L ni hatari.
4. Pima figo kabla ya kushauri protini nyingi. Mwenye figo zilizochakaa sana asiongezewe protini wala virutubisho bila ushauri wa daktari.
5. Uliza bila kukaripia. Ukisema, "Shikamoo babu, mbali na dawa zetu, ni kitu gani kingine wanao wamekuletea kikusaidie?" utaonyeshwa kopo. Ukikemea, litafichwa. Soma kibandiko chake: baadhi ya unga huo umeongezwa sukari.
6. Kukonda si jambo la kupuuza. Kisukari huzidisha hatari ya kifua kikuu takribani mara tatu, na vumbi la miamba machimboni huiongeza pia. Mchimbaji wa zamani anayekohoa kwa wiki mbili, anayekonda na kutoka jasho usiku, apimwe kifua kikuu na sukari. Kila wiki anayotumia kopo akisubiri kunenepa ni wiki ya ugonjwa kusambaa mwilini na nyumbani.

Kwa mgonjwa na familia yake

Usiache dawa ya kisukari kwa sababu umeanza kirutubisho. Ukishanunuliwa kirutubisho, kilete kituoni kikaguliwe. Kiu isiyokwisha, kukojoa mara nyingi, kukonda, kidonda kisichopona au ganzi ya miguu ni sababu ya kwenda kupimwa. Mzee akitetemeka, akitoka jasho jembamba au akichanganyikiwa ghafla ilhali anatumia dawa za kisukari, apewe mara moja maji yenye sukari iwapo anaweza kumeza, kisha apelekwe kituoni; asiyeweza kumeza asinyweshwe kitu. Wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wana haki ya matibabu bila malipo katika vituo vya umma. Ulizia dirisha la wazee.

Wewe mwana uliye mbali, unayetaka kumtumia mzazi kitu: fedha ya kopo moja ikinunua dagaa safi, maharage, mayai na nauli ya kliniki, umempa asidi amino zote tisa na kipimo cha sukari pia.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini leusini haikushusha sukari ya wazee wa Uholanzi wenye kisukari?
2. Mzee wa kilo 60 mwenye figo nzima anahitaji protini kiasi gani kwa siku?
3. Mzee anayetumia glibenklamidi ameanza mlo mpya wenye ugali kidogo. Utafanya nini?

Majibu: (1) Walikuwa tayari wanakula protini ya kutosha, hapakuwa na upungufu wa kuziba. (2) Gramu 60 hadi 72. (3) Pima sukari mara kwa mara, fundisha dalili za sukari kushuka, na mpeleke kwa daktari au tabibu apitie kipimo cha dawa.

Hitimisho

Virutubisho vya asidi amino vina nafasi ndogo na maalumu: mzee aliyedhoofika, asiyeweza kula vya kutosha, chini ya usimamizi wa mtaalamu. Kwa walio wengi, nafasi hiyo inajazwa na dagaa, maharage, maziwa na mayai, mwili unaofanyishwa kazi, na dawa zinazotumiwa kama zilivyoandikwa. Mhudumu akikutana na mzee aliyekonda wiki hii, aanze na maswali mawili: jana ulikula nini, na unaweza kuinuka kwenye kiti bila kushika? Majibu yake yatamwonyesha pa kuanzia.